Majiko Manne Ng'ambo ya Mikonge

Jumatatu, 1 Julai 1996

Nimeteuliwa! Katibu wa Kamati ya Kupitia Upya Mpaka wa Makazi, kijiji cha Mwalugenge, wilaya ya Bariadi. Wajumbe saba, katibu mmoja. Mwenyekiti wa kijiji, Josia, alitamka mbele ya wote kwamba kuanzia hapa hadi Nkololo hakuna mwenye mwandiko kama wa Kasmiri. Nilitazama chini kwa unyenyekevu. Nilitazama chini muda mrefu, ili hata waliokaa nyuma wauone.

Novatus, mmoja wa wajumbe, alikohoa. Hukohoa kila ninaposifiwa. Tulikuwa makarani wawili wa chama cha ushirika, mimi kwenye vitabu, yeye kwenye mizani, miaka tisa. Sasa chama kimekufa. Wanunuzi binafsi wamekuja na malori yao, naye amekuwa wakala wao. Anavaa miwani ya jua hata ndani ya stoo. Mimi nimebaki na kalamu tatu.

Ah, ushirika! Julai kama hii mikokoteni ya pamba ilipanga foleni hadi kisimani. Wazee wazima walivua kofia wakaniita Bwana Karani. Mama mmoja wa Ngulyati aliniletea kuku, siyo kwa upendeleo wowote, bali kwa kuwa nililiandika jina lake likapendeza. Siku hizi mpimaji anaandika juu ya kipande cha boksi la sigara. Nilifika nyumbani nikatokwa na machozi. Klementina, mke wangu, alidhani ni vitunguu, nami nikamwacha adhani hivyo.

Suala lenyewe ni hili. Mpaka wetu ni mstari wa mikonge uliopandwa mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, tulipohamishwa kutoka maboma ya zamani tukapangwa hapa safu kwa safu. Ndani ya mikonge ni makazi. Nje ni mashamba, na mahame tuliyoyaacha. Wilaya inasema kijiji kinakua, biashara imefunguliwa, basi mpaka usogezwe upande mmoja. Upande upi? Kamati itapendekeza.

Mashariki kuna mahame ya marehemu baba. Magharibi kuna mahame ya kina Novatus. Sisemi zaidi.

Jumatano, 3 Julai

Mpima ardhi amefika kutoka Bariadi kwa pikipiki. Anaitwa Fredrick, kijana mpole, soksi safi. Alieleza kanuni: mpaka unawafuata watu. Upande wenye kaya zisizopungua nne, zinazoonana, kila moja na jiko linalowaka, ndio utakaoingizwa ndani. Atahesabu majiko Alhamisi ya wiki ijayo.

Kisha akanikabidhi waraka wa kurasa nne, niunakili kwa ajili ya wajumbe wote. Nakala saba kwa mkono! Sijawahi kuwa na furaha hivi tangu msimu wa mwisho wa ushirika. Nilinakili kutwa nzima. Herufi zimesimama kama askari wa gwaride.

Klementina aliuliza waraka unasema nini. Nikamweleza kwamba karani hasomi, karani anaandika. Maana ikiingia kichwani mkono unatetemeka. Miaka tisa sikukosea hata herufi moja kwa sababu sikuruhusu maana inisumbue. Alinitazama, akaenda kuchambua mboga.

Kuhusu mashariki nimekwisha kuamua. Ukiwa nje ya mpaka una shamba, ukiwa ndani una kiwanja. Kila mtu anajua hivyo. Kiwanja changu kitakuwa kando ya barabara mpya, na juu yake kibao: KASMIRI GESTI NA MGAHAWA. Kibao nimekwisha kukiandika. Bado nyumba tu.

Ijumaa, 5 Julai

Majiko manne. Pale mahameni hakuna hata moja, kuna minyaa ya ua wa zamani na mijusi. Nilifikiri hadi saa nne, nikapata jibu.

Mayu! Mama yangu Nyanjige, anakaa nasi hapa safu ya tatu, kazi yake kulalamika kwamba ukuta wa jirani unamziba upepo. Nikamwambia nimemtafutia mapumziko ya siku saba kwenye boma letu la zamani, hewa ya kule itafaa miguu yake. Akaniangalia bila kupepesa. Akauliza ni siku ngapi. Nikarudia saba. Akauliza kama anaweza kuchukua chungu kikubwa. Nikamwambia achukue hata viwili.

Jiko la pili: shangazi Milembe, dada wa baba, mjane. La tatu: mzee Mhoja. La nne: mzee Salu. Wote walikuwa majirani wa kule kabla ya Operesheni. Kila mmoja nimemwahidi kiti chake kwenye baraza ya gesti. Hawakuuliza gesti ipi. Mhoja alikuwa amekwisha kufunga godoro kabla sijamaliza kueleza.

Vibanda vinajengwa kwa mabua ya mtama na nyasi. Si lazima vidumu, ni hadi Alhamisi tu.

Novatus naye, nasikia, anawapeleka shemeji zake magharibi na masufuria. Mwizi wa mawazo!

Jumapili, 7 Julai

Baada ya ibada nilikwenda kukagua majiko yangu. Niliwaza kukaa nusu saa. Nimerudi jua linazama.

Nianzie wapi? Moshi niliuona tangu mtoni, mistari minne iliyonyooka. Miguu ikaanza kukimbia yenyewe, mtu wa miaka arobaini na sita mwenye kalamu mfukoni. Miaka ishirini na miwili sikuwa nimeona moshi upande ule.

Mayu amelipata jiwe lake la kusagia chini ya minyaa. Halikwenda popote. Amelifagia zizi la zamani, pale katikati alipozikwa baba kama mwenye boma anavyozikwa, na pembeni kuna unga kidogo umemwagwa. Sikuuliza. Alinikaribisha kwa mwadila, salamu ya mchana, kama mgeni, akaniletea michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga kwenye kibuyu.

Milembe alikuwa akizungumza na Mhoja, yeye kwake, mwenzake kwake, mita mia mbili kati yao, kwa sauti ya kawaida tu. Nilisahau kwamba kule watu walikuwa wakizungumza hivyo. Hapa kwenye safu unamsikia jirani akigeuka kitandani, lakini mwezi mzima hamsalimiani. Salu alicheka kitu, na kicheko kikapita juu ya minyaa kikatufikia sote. Nikalikumbuka dume letu jeusi lililokuwa likitangulia kuingia zizini, vumbi, baba akihesabu kwa kugusa migongo. Nilitamani baba atokee tu, hata kama ni kunigombeza.

Nikanawa uso. Kisha nikapima kwa hatua mahali pa kuweka kaunta. Hatua kumi na mbili, inatosha.

Alhamisi, 11 Julai

USHINDI!

Fredrick alihesabu mashariki: majiko manne, yote yanawaka, yanaonana. Kwa mayu alipewa uji wa ulezi akamaliza, akaomba tena. Aliandika nne. Niliiona kalamu ikiandika.

Magharibi: hakuna kitu! Shemeji wote wameondoka na masufuria yao tangu juzi. Novatus alisimama katikati ya shamba lake, mikono nyuma, miwani usoni, akasema yeye ni mkulima tu na hana haraka. Hata kukohoa hakukohoa. Baadaye alinifuata akanishika mkono mara mbili, akanipongeza kwa nakala za waraka. Alisema zilisomeka vizuri sana, hasa ukurasa wa tatu.

Hatimaye! Hata adui akishindwa hukiri mwandiko. Nimekipaka rangi upya kibao cha gesti.

Jumamosi, 13 Julai

Nimekwenda na mkokoteni kumrudisha mayu. Amekataa.

Alisema siku saba hazijaisha. Nikamhesabia kwa vidole. Akahesabu na yeye, kwa vidole vyake, hazijaisha. Kibanda amekikandika udongo! Ameziba mianya ya ua kwa minyaa mipya. Salu amehamishia ng'ombe wake wawili. Milembe ametuma watu wakamletee mlango wa nyumba yake ya kijijini, mlango wenyewe, na bawaba zake.

Nikawaeleza kwa utaratibu kwamba yale yalikuwa majiko ya kuhesabiwa, si ya kuishi. Mhoja akasema yeye hajui tofauti, jiko ni jiko. Nikarudi na mkokoteni mtupu, na watu wa safu ya kwanza hadi ya tano wakanisalimia mmoja mmoja ili wauone utupu wake.

Klementina alicheka hadi akakaa chini. Halafu akasema miguu ya mayu hajaisikia ikilalamikiwa tangu Ijumaa ile. Nikagundua kwamba kuku mmoja hayupo. Klementina amempelekea mayu. Njama ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Jumatano, 17 Julai

Mkono unatetemeka. Maana imeingia.

Fredrick alitandika ramani mezani kwa Josia. Mpaka mpya ulichorwa kwa wino mwekundu, na mashariki yote imo ndani. Nikamwomba anionyeshe kiwanja changu. Akauliza kipi. Nikasema pale pa baba. Akaangalia ramani, akaniangalia mimi, akasema kwa upole kwamba pale pamepangwa kuwa mnada wa ng'ombe.

Mnada!

Nikapiga meza. Akafungua waraka, ukurasa wa tatu, akasoma: ardhi yote itakayoingizwa ndani ya mpaka itakuwa chini ya kijiji, itapimwa na kugawiwa upya, na wanaokaa humo watahamishiwa viwanja vingine. Nikamwambia hayo mambo sijawahi kuyaona. Josia akanigeuzia nakala yake. Mwandiko ni wangu. Nimeandika mara saba. Neno "watahamishiwa" limekaa vizuri mno, sijui nilipata wapi mkono ule.

Nikauliza kaburi je. Fredrick akavua kofia, akasema makaburi huhamishwa kwa heshima.

Novatus alikuwa mlangoni. Shamba lake liko nje ya mpaka, haliguswi na mtu. Aliusoma waraka Jumanne ile nilipowagawia wajumbe nakala, akawarudisha shemeji zake nyumbani siku ileile. Nilitegemea acheke. Hakucheka, akaniuliza tu mama yangu anajua? Afadhali angecheka.

Ijumaa, 19 Julai

Nimekwenda kumwambia mayu. Njiani nilifanya mazoezi. Nilipofika alikuwa ameinamia jiwe la kusagia, anaimba wimbo wa jembe, ule wa kulimia kwa pamoja, na Milembe anaitikia kutoka kwake. Sauti ya mayu! Niliisikia mara ya mwisho sijaoa. Nikala nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, nikasifu chumvi, nikaondoka.

Lakini akili yangu haijalala. Jumatatu ni mkutano mkuu wa kijiji. Bila kura ya wananchi ramani haiwi ramani. Basi nitasimama na kuungama: majiko yale ni hila yangu, hakuna mtu anayekaa kule, hesabu ni batili, mpaka urudi kwenye mikonge. Nitajishusha, lakini kwa namna ambayo watu watanikumbuka. Hotuba ina kurasa nne.

Klementina aliuliza kama nimemweleza mayu kuhusu mnada. Nikasema mambo ya kitaalamu yangemchosha. Akauliza basi atajuaje. Nikamwambia hahitaji kujua, mimi ndiye mwanawe.

Jumatatu, 22 Julai

Nitaandika tu kama ilivyokuwa.

Mkutano ulikuwa mbele ya stoo ya ushirika, palepale pa mizani yetu. Nilisimama. Nilisema vizuri, hata Novatus alivua miwani. Nilipofika ukurasa wa pili, kwenye maneno hakuna mtu anayekaa kule, sauti ikatoka nyuma ikasema yeye anakaa.

Mayu. Amekuja kwa miguu, na fimbo, na wenzake watatu.

Alisema anakaa kule, anapika kule, analala kule. Mhoja akasema na yeye. Salu akataja na ng'ombe wake kwa majina. Nikamwambia kwa Kisukuma, mayu kaa chini tafadhali. Hakukaa. Fredrick akafungua daftari, akasema kwa masikitiko kwamba kama kaya zipo kweli, basi hesabu ni halali na ramani inasimama. Hapo ndipo mtu akamnong'oneza mayu habari ya mnada. Nilimwona akisikia, akaushika mkono wa Milembe.

Aliuliza ni nani aliyeandika karatasi hiyo. Josia akaona haya. Akasema Kasmiri. Mayu akasema, hata ile ya mwaka wa Operesheni aliandika Kasmiri.

Ni kweli. Katika shajara hii nimeandika mengi kuhusu mwandiko wangu, na hilo sikuliandika. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, kijana pekee aliyeandika vizuri, wakanipa orodha ya kaya za kuhamishwa. Nilianza na jina la baba. Nilianza nalo kwa sababu nilijua kuliandika bila kukosea. Lori lilipofika chungu kilikuwa bado motoni, mayu akapanda nacho, na mimi nikaandika: chungu, kimoja. Siku zote nimeusimulia mwaka ule kama mwaka wa nyimbo na malori. Baba hakunisema. Hakunisemesha kabisa. Mwaka uliofuata tulimbeba kitandani kwenda kumzika zizini mwake, na hata hapo alikuwa hajanisemesha.

Mayu hakuwa na hasira, na hilo ndilo baya. Alisema yeye hatapanda lori mara ya pili. Akaomba wanaojua kusoma wawasomee wengine kabla ya kunyoosha mikono. Novatus akachukua nakala, akasoma ukurasa wa tatu kwa sauti, bila kukohoa hata mara moja. Josia akauliza nani anataka mpaka ubaki kwenye mikonge. Mikono ikapanda yote. Wa Novatus ulikuwa wa kwanza, wangu wa pili.

Mikonge imebaki. Mahame yako nje, na wenyewe wamo.

Nilimsindikiza mayu hadi kule. Mlangoni nikamwomba radhi, ya mwaka huu na ya mwaka ule. Akasema, ng'wana wane, mwanangu, umechoka, kaa unywe maji. Nikakaa. Nililia wazi safari hii, na hapakuwa na vitunguu.

Alhamisi, 25 Julai

Mtu mzima hujifunza. Nimejifunza! Siku tatu nimetafakari, na somo ni hili: asiyejichorea mpaka wake, atachorewa na wengine.

Kwa hiyo leo alfajiri nimekwenda mahameni na vigingi thelathini na viwili, nimevichonga mwenyewe, kila kimoja na namba yake. Yale maboma manne yatakuwa na mpaka wake rasmi. Nimeupima kwa hatua. Mashariki hadi mtoni, magharibi hadi kichuguu. Njia kuu itakuwa na upana wa hatua nane. Kwa bahati mbaya inapita kati ya kibanda cha mayu na jiwe lake la kusagia, na kigingi namba kumi na tisa kimeangukia kizingiti cha Milembe, lakini katika mipango lazima mtu akubali usumbufu kidogo. Mhoja nimempa cheo. Waraka nitauandika wikiendi hii, kurasa tano.

Mchana nilirudi kuhakiki. Namba moja, hakipo. Namba mbili, hakipo. Nikafuata mstari shimo kwa shimo, nikiwaza ng'ombe wa Salu, nikiwaza hata Novatus. Mstari ukanifikisha jikoni kwa mayu. Kigingi namba thelathini na moja kilikuwa chini ya chungu, namba bado inasomeka. Cha thelathini na mbili alikuwa amekishika mkononi, anachochea nacho moto.

Alinipakulia ugali wa mtama. Kusema kweli ulikuwa umeiva vizuri sana.

Nilimweleza kwa upole kwamba kosa ni langu, nilitumia mti mwepesi. Vya kesho vitakuwa vya mgunga, mti mgumu, wenye nguvu. Mayu alifurahi mno. Alisema hata yeye tangu zamani hapendi mti mwingine kama mgunga. Akauliza nitaleta vingapi. Nikasema sitini. Ameniazima panga lake.